Mficha Uzima

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Walisema kweli, maana watu wa zama zao walikuwa wakificha maradhi. Kuhusu mtu aliyekwisha kupona akaficha kupona kwake, hawakuacha hata nusu ya methali, na hapo ndipo Fundi alipopata upenyo wa kupita.

Mwanzoni kikohozi kilikuwa cha kweli, tusimsingizie. Kilimshika msimu wa mvua, kikamtingisha mpaka akawa hawezi kushika tupa, na mchonga funguo asiyeweza kushika tupa abaki na nini zaidi ya kibanda cha kukalia? Mkewe, aliyekuwa akishonea watu nguo pale pale nyumbani, alimkokota hadi kwa daktari. Daktari akakisikiliza kifua, akampa dawa ya maji katika chupa ya kahawia, lakini hakuiachia chupa mpaka amalize kusema.

"Hii si sharubati," alisema. "Na pombe usiguse hata tone muda wote unapoitumia. Dawa hii inalaza. Pombe nayo inalaza. Zikikutana mwilini zinalaza kila kitu, mpaka pumzi."

"Mimi pombe niliacha, daktari," Fundi akasema.

"Aliacha," mkewe akathibitisha kwa fahari.

Aliacha kweli. Aliacha tangu siku alipoitwa kumfungulia mteja aliyepoteza ufunguo, akafungua nyumba ya jirani wa mteja, akaingia, akavua viatu, akalala. Ufundi wake haukutiliwa shaka siku ile; mlango ulifunguka bila mkwaruzo. Kilichotiliwa shaka ni mengine yote, na mkewe aliyataja yote, mbele ya watu, huku amemshikia viatu. Fundi akaapa pale pale. Naye mama mkwe, aliposikia mkwewe ameapa, akafunga mizigo aje kukilinda kiapo.

Mama mkwe huyu watu walimwita Mwenyekiti, hata alipokuwa akimenya vitunguu, kwa sababu aliongoza umoja wa akina mama wanaopiga vita ulevi. Maishani mwake hakuwahi kuonja pombe hata ya kusukutulia jino. Alisema amekuja kwa siku chache, lakini siku chache zina tabia ya kuzaana. Akapewa chumba cha pili, ambacho zamani Fundi alikiita karakana, na hakikupita kitambo akaanza kukilalamikia.

"Mkwe wangu, mimi ni mtu mzima. Siwezi kulala kwenye chumba kisicho na kitasa."

"Nitakutilia, mama."

"Tena kizuri. Isiwe watu wakasema mke wa fundi funguo ana mama anayefunga mlango kwa kamba."

Fundi akamtilia kitasa kizuri kuliko vyote alivyokuwa navyo. Alikisifu mpaka mwenyewe akakiamini. "Hiki, mama, hata mimi mwenyewe nikitaka kukifungua bila ufunguo, nitaondoka na aibu yangu." Mwenyekiti akacheka, akautungia ufunguo uzi, akauvaa shingoni. Ufunguo wa akiba Fundi aliuchonga jioni ile kibandani, akautundika kwenye msumari jikoni. Hakuna aliyeujaribu. Nani anajaribu ufunguo uliochongwa na fundi wa nyumba?

Sasa kuhusu jioni ile ya ufunguo. Kikohozi kilikuwa kimeshaondoka. Kiliondoka polepole, kwa adabu, na kikamwachia Fundi nusu chupa ya dawa. Jirani yake wa kibanda, Kinyozi, ndiye aliyeiona thamani yake.

"Chupa ya dawa nani anainusa?" Kinyozi aliuliza, wembe mkononi. "Mwanamume akinuka dawa anapewa pole. Akinuka pombe anapewa mama mkwe."

"Mama mkwe ninaye tayari."

"Basi umelipia, ila hujapewa bidhaa."

Fundi akanunua pombe kali isiyo na rangi, akaijaza kwenye ile chupa ya kahawia mpaka shingoni. Dawa hakuimwaga. Ilihitajika kwa ajili ya rangi, na ule utamu wake wa kukera ulificha mengi. Maneno ya daktari aliyakumbuka vizuri sana, ila aliona yalikuwa yamekusudiwa watu wengine, wale wasio na uzoefu. Tangu siku hiyo akawa mgonjwa wa kupigiwa mfano. Alikohoa akiingia nyumbani, akakohoa akisikia hatua za mkewe, na mkewe alikuja na kijiko chake kikubwa, akampapasa mgongo, akamwambia pole baba, meza. Akimeza anaomba kingine. Chupa ikipungua, mkewe anakwenda duka la dawa na cheti, na Fundi anakwenda nyuma ya kibanda cha Kinyozi kuiongezea.

Kazi ndiyo ilianza kumsema. Alisinzia mbele ya jiriwa iliyobana ufunguo, tupa ikapita pasipopaswa. Mama mmoja alirudisha ufunguo, akauweka mezani taratibu. "Fundi, huu unaingia lakini haugeuki." Keshoye akarudi mzee na wa kwake, naye hakuweka taratibu. Fundi akawaambia wote wawili kwamba vitasa vya siku hizi ni feki.

*

Ikawa asubuhi moja Mwenyekiti akakohoa. Alikohoa mara ya kwanza, hakuna aliyejali. Akakohoa tena, na mkono wa mkewe Fundi ukaenda wenyewe rafuni.

"Mama, kunywa hii. Imemsaidia sana mume wangu."

Kama ingekuwa imemsaidia asingekuwa bado anainywa, lakini mapenzi hayapigi hesabu. Fundi alikuwa na kikombe cha chai mdomoni. Akakishusha.

"Hiyo niliandikiwa mimi," alisema.

"Na hii chai?" Mwenyekiti akauliza. "Nayo uliandikiwa wewe?"

"Si hivyo, mama. Dawa ya mtu mmoja haipewi mtu mwingine. Daktari alisema ni kali."

"Mkwe wangu, nimezaa watoto saba bila sindano. Unaniambia ukali wa kijiko?"

Mkewe alimtazama kwa macho ambayo Fundi aliyajua. Yalikuwa yale ya siku ya viatu. "Unamnyima mama yangu dawa?"

Hapo palikuwa na mlango wazi kabisa, na mtu ambaye kazi yake ni milango angepaswa kuuona. Angeweza kuiangusha chupa. Angeweza kusema kweli, akatukanwa, maisha yakaendelea. Badala yake alifikiri: kijiko kimoja hakiui mtu. Kesho nitanunua nyingine safi, nibadilishe kimyakimya.

"Nani amnyime mama?" akasema. "Mpe."

Mwenyekiti akameza. Akafumba macho, akaguna, akakipiga kifua chake kofi la heshima.

"Enhe! Hii ndiyo dawa. Inashuka unaisikia mpaka inapokwenda. Zile nyingine wanatuuzia maji."

Kesho ikafika, Fundi hakununua. Kesho ya pili akawa na wateja wa kugombana nao. Na tuseme ukweli wote: chupa safi ingekuwa safi hata kwake. Mwenyekiti akazidi kuisifu ile ya zamani. Alisema imemrudishia usingizi wa ujana. Kijiko kilipopotea alisema kijiko cha nini, funda la mtu mzima linajulikana. Mwisho akaihamishia chumbani kwake, pembeni ya mto, na Fundi, ambaye bado ndiye aliyekwenda kuijaza ikipungua, akawa anagongea mlango wa mama mkwe kuomba pombe yake mwenyewe.

"Mkwe, hebu punguza," Mwenyekiti alimwonya siku moja akimpimia. "Mazoea mabaya huanza hivihivi."

*

Siku ya mkutano wa umoja, akina mama walifika mchana na sare zao nyeupe, wakajaa sebuleni. Mwenyekiti alikuwa na hotuba. Alikuwa pia na kikohozi, na hakutaka kikohozi kimkatize kwenye hotuba, kwa hiyo alijifungia chumbani apate funda na usingizi kidogo kabla ya wageni. Wageni wakafika, wakanywa maji, wakaimba wimbo wao. Mlango haukufunguka.

Fundi aliitwa kibandani kwa simu. Alikuwa ameshajihudumia, Kinyozi alimwekea akiba yake kwenye chupa ya maji ya kunyolea. Alipoingia sebuleni akina mama wote walimgeukia, na Katibu, mwanamke mrefu mwenye mabega ya kubeba magunia, akasema, "Afadhali. Fundi mwenyewe kaja."

Mkewe alikuwa amebandika sikio mlangoni. "Nimemwita mpaka sauti imekauka. Anakoroma tu."

Fundi naye akabandika sikio. Mkoromo ulikuwepo. Ulikuja mmoja, mzito, kama kitu kinachoburutwa sakafuni. Halafu kimya. Fundi akangoja, akangoja, mpaka yeye mwenyewe akasahau kupumua. Ndipo ukaja mwingine. *Zinalaza kila kitu, mpaka pumzi.* Kwa mara ya kwanza tangu mvua zile Fundi aliogopa kweli.

"Lete wa akiba," alisema.

Mkewe akauchomoa ufunguo msumarini. Fundi akauingiza. Uliingia. Haukugeuka.

"Geuza," mkewe akasema.

"Nageuza."

"Geuza, mama anakufa!"

Akautoa, akautazama kwenye mwanga, akaliona jino moja limekatwa shimo ambapo palitakiwa kilima. Hata mwanafunzi wa siku ya kwanza asingechonga vile. Hakuweza kusema kitasa ni feki, maana alikisifu mwenyewe mpaka wageni walikuwa na habari. Akapiga magoti na nyaya zake za kufungulia. Vidole havikumsikiliza. Waya wa kwanza ulianguka, wa pili ukapindikia ndani, na nyuma yake akina mama walikuwa wamenyamaza kimya kile ambacho watu hukiweka mahsusi kwa ajili ya mwanamume anayeshindwa kazi yake.

"Mganga hajigangi," mmoja akanong'ona, si kwa sauti ya chini sana.

"Sogea, Fundi," Katibu akasema.

Akarudi nyuma hatua mbili, akaupiga mlango bega. Kitasa kilibaki imara kama kilivyosifiwa. Kilichong'oka ni fremu. Umoja wa kupiga vita ulevi ukaingia chumbani wote kwa pamoja, ukamkuta Mwenyekiti wake amelala chali, midomo imebadilika rangi, na chupa ya kahawia imemlalia kwapani.

*

Hospitalini, daktari wa zamu alikuwa yule yule. Walimvisha mama kifuniko cha hewa usoni, wakamtafuta mshipa wa mkono, na daktari akauliza huku akifanya kazi.

"Amemeza nini?"

"Dawa ya kikohozi," mkewe akajibu. "Ile uliyompa mume wangu."

"Ya mume wako, akanywa mama yako. Sawa. Na pombe?"

Mkewe alijinyoosha. Hata katika machozi yake alipata nafasi ya kukasirika. "Pombe? Mama yangu? Daktari, huyu ni mwenyekiti wa umoja wa akina mama wa kupiga vita—"

"Sikuuliza cheo, mama. Hii pumzi imeshuka kuliko ninavyotegemea kwa dawa peke yake. Kama kuna kitu kingine nataka kukijua sasa hivi, si baadaye."

"Hakuna! Naapa hakuna!"

Mbele ya Fundi, kifua cha mama mkwe kilipanda, kikashuka, kikakaa. Aliutazama mgongo wa mkewe, ule mgongo uliokuwa ukiapa kwa niaba yake tangu siku ya kwanza ndani ya chumba kama hiki. Akaona kwamba akinyamaza mama atakufa, na akisema yeye ndiye atakufa, kwa namna yake. Ni aibu kulieleza hili, lakini alisita. Halafu akafungua kinywa, "Daktari, mimi—" na wakati huo huo mkewe akatoa chupa mkobani, "Hii hapa, nusa mwenyewe!" na daktari akanusa. Hivyo hakuna atakayejua kama Fundi aliungama au alikamatwa. Hata yeye mwenyewe hajui, ingawa baadaye alipenda kujisimulia kwamba aliungama.

"Pombe kali," daktari akasema. Akamgeukia. "Nakukumbuka. Wewe ndiye uliyeacha."

"Nilitia mimi," Fundi akasema. "Nusu kwa nusu. Siku hizi zaidi ya nusu."

Daktari hakuwa na muda wa kushangaa. Aliagiza sindano, akaita mtu mwingine, wakamtoa nje Fundi na mkewe na pazia likavutwa.

Katika korido kulikuwa na benchi moja. Mkewe alikaa upande mmoja, akauweka mkoba katikati. Fundi alisubiri matusi. Alikuwa ameyaandalia mpaka majibu. Hayakuja. Mkewe alikuwa akikitazama kiganja chake cha kulia kana kwamba kimeungua.

"Nilikuwa nampimia mwenyewe," alisema mwishowe. "Kwa mkono wangu. Nilikuwa nafuta kijiko kwanza, kisipate vumbi."

*

Mwenyekiti hakufa. Alizinduka keshoye, koo limekauka, akauliza mkutano ulikwendaje. Mkutano ulikwenda vizuri tu: akina mama waliuhamishia mtaani, na ajenda ilikuwa moja. Kila mmoja aliiona chupa kwapani. Kila mmoja alisikia, kutoka kwa ndugu wa mfagizi wa hospitali, kwamba ilikuwa na pombe. Hadi jua linazama ilishajulikana kwamba Mwenyekiti alikuwa mnywaji wa siku nyingi, tena mjanja, tena ndiyo maana alitaka chumba chenye kitasa.

Fundi alikuwa amesimama nje ya wodi aliposikia mama mkwe anauliza, kwa sauti ndogo ambayo hakuwahi kuisikia kwake.

"Mwanangu, ni kweli nimelewa?"

"Hukujua, mama."

"Lakini nimelewa."

"Mama, hukujua."

"Na nilikuwa nikiipenda," Mwenyekiti akasema, akaanza kulia kama mtoto aliyevunja kitu cha watu. "Hilo ndilo siwezi kuwaambia. Nilikuwa nikiipenda."

Mkewe akatoka nje. Alimkuta Fundi ukutani, akasimama mbele yake, karibu.

"Mimi sina la kukuomba," alisema. "Yeye anadai jina lake. Keshokutwa anatoka, na Katibu amewaita akina mama nyumbani, wamsikilize. Uje wewe. Useme kwa kinywa chako chupani kulikuwa na nini, na alitia nani."

"Nitakuja."

"Mbele yao wote."

"Mke wangu, nimesema nitakuja. Kwani mimi mtoto?"

Na alikusudia kwenda, hili lazima liandikwe upande wake. Siku ilipofika alivaa shati safi kibandani, akayapanga maneno, akayarudia mbele ya kioo cha Kinyozi. Yalikuwa maneno mazuri, yenye "mimi" mwanzoni. Lakini kila alipofika kwenye "akina mama wapendwa" alikiona kile kimya chao cha siku ya mlango.

"Huwezi kuongea mbele ya wanawake wote wale mkavu hivyo," Kinyozi alisema kwa huruma. "Pata kidogo. Ya kufungulia koo."

Akapata kidogo. Kidogo nacho, kama siku chache, kina tabia ya kuzaana. Alipoinua kichwa kutoka juu ya jiriwa, vibanda vya jirani vilikuwa vinafungwa, na shati safi lilikuwa na alama ya tupa kifuani.

Nyumbani akina mama walimngoja mpaka wakachoka kungoja. Mwenyekiti alikaa kwenye kiti chake na sare yake nyeupe, akisema, atakuja, mkwe wangu ana makosa yake lakini atakuja. Mwisho Katibu akasimama, akamwomba, kwa heshima zote, ile beji ya uenyekiti.

Fundi aliona haya kwenda kwake siku hiyo. Alilala kibandani, juu ya maboksi, na mvua iliyoanza ikamfuata mpaka ndani. Akalala tena. Jioni iliyofuata, kifua kimembana, alirudi nyumbani, akatoa ufunguo wake, akauchomeka mlangoni. Haukuingia.

Akainama akitazame kitasa. Kilikuwa kipya. Kilitiwa na yule fundi wa mtaa wa pili, ambaye Fundi alimsema kwa wateja kuwa ni mbabaishaji. Kilikaa sawa, skrubu zimezama vizuri, mbao haina hata mkwaruzo. Ilikuwa kazi safi. Akainua mkono abishe, na kabla hajabisha, kikohozi kikamshika.

Kilikuwa cha kweli. Kilitoka chini kabisa, kikamkunja, akaegemea mlango kwa paji la uso na machozi yakamtoka. Ndani cherehani ilikuwa ikikimbia. Ikasimama. Alizisikia hatua za mkewe, zile zile zilizokuwa zikija na kijiko, zikasogea hadi karibu na mlango, zikaishia hapo. Fundi akajaribu kusema kitu, kikohozi kikamnyang'anya.

Kutoka chumba cha pili ikaja sauti ya Mwenyekiti, imechoka. "Nani huyo mlangoni, mwanangu?"

"Hakuna mtu, mama," mkewe akajibu. "Ni kikohozi tu."

Na cherehani ikaanza tena.